Siri Hii ni ya Nani?

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na mtihani ukija tunaiandika bila hata kufikiri. Mimi mwaka huu nimeifikiria sana, nikaona kuna swali moja limebaki: kata ikishaijua siri ya mtungi, ni nani mwenye ruhusa ya kuitoa nje?

Katika makala haya nataka kueleza haki ya usiri kati ya wakili na mteja wake, hasa pale ambapo mteja si mtu kama mimi na wewe bali ni kampuni. Tafadhali usikunje uso ukadhani haya ni mambo ya wazee wa Nairobi wanaovaa tai. Wengi wetu tukimaliza shule tutaajiriwa na kampuni, iwe ni ya chai, ya saruji au ya mabasi. Siku moja mambo yataharibika na wakili atakuja na kalamu yake. Yalimpata mama yangu.

Mama alikuwa karani wa ghala katika kampuni moja mjini kwetu, ambayo sitaitaja jina. Kazi yake ilikuwa kupokea magunia yaliyoletwa na lori, kuyahesabu, kisha kutia sahihi katika karatasi ya dereva. Mwaka juzi magunia yakaanza kupotea. Wakubwa wakamwita wakili wa kampuni. Akaja na suti yake nyeusi na maneno laini kama siagi, akawaita wafanyakazi wa ghala mmoja mmoja. Zamu ya mama ilipofika, alimkaribisha kiti, akaagiza chai, akamwambia, "Mama, usiogope. Mimi ni wakili. Haya tutakayozungumza ni siri na sheria inayalinda. Usimwambie mtu yeyote."

Mama akafungua moyo. Akaeleza kwamba siku nyingine msimamizi wake humharakisha, lori likinguruma pale nje, naye hutia sahihi kabla hajamaliza kuhesabu. Hakuiba hata punje moja. Alisema aliyoyajua ili kampuni isaidike. Jioni alirudi nyumbani amechangamka. "Wakili wetu ni mtu mzuri kweli," alituambia tukila ugali. Ati wakili wetu!

Wiki tatu baadaye alipokea barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifutwe kazi. Ndani ya barua hiyo yalikuwemo maneno yake mwenyewe: kwamba alikiri kutia sahihi bila kuhesabu. Habari za msimamizi hazikuwemo. Mama naye akajibu kwa mistari miwili, ya kwamba ni kweli na anaomba msamaha. Mwezi haukuisha, kazi ikaisha. Muhula uliofuata nilikaa nyumbani siku kumi na moja kwa sababu ya karo.

Hapo ndipo mama alipoibeba barua ile kwa mjomba wangu, ambaye ni karani katika afisi ya wakili mjini. Mjomba akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Dada, mbona hukumtaja msimamizi ulipojibu?"

"Wakili aliniambia ni siri," mama akasema. "Niliogopa kuvunja sheria. Lakini kaka, ikiwa ni siri, yeye ameitoaje?"

Mjomba akashika kichwa. "Ni siri kweli, dada. Lakini siri yenyewe ni ya kampuni. Wewe ulikuwa mdomo tu."

Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Likizo hiyo nilishinda afisini kwa mjomba, nikimwuliza maswali na kusoma vitabu alivyoniruhusu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Usiri wenyewe ni nini?

Hapa Kenya tuna Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80. Kifungu cha 134 kinasema kwamba wakili haruhusiwi kufichua mawasiliano aliyopewa katika kazi yake na mteja, au kwa niaba ya mteja, isipokuwa mteja mwenyewe atoe idhini iliyo wazi. Ushauri ambao wakili alimpa mteja haufichuliwi vilevile. Wajibu huo hauishi hata baada ya kazi kwisha. Kifungu cha 135 kinawafunga pia wakalimani, makarani na watumishi wa wakili. Ndiyo maana mjomba hunieleza sheria, lakini habari za wateja wa afisi yao hanielezi kamwe hata nikimbembeleza vipi.

Sheria hii haikuzaliwa Nairobi. Vifungu vyake vimefuata kwa karibu Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka wa 1872, ambayo Waingereza waliitumia pia huku kwetu kabla ya Kenya kujitungia yake mwaka wa 1963.

Sababu ya kuwa na usiri huu ni rahisi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mgonjwa akimficha daktari, atapewa dawa ya ugonjwa mwingine. Kadhalika, mteja akimficha wakili, atapata ushauri usiofaa. Watu wakijua kwamba kila wanalomwambia wakili litasomwa mahakamani kesho yake, watanyamaza, au watasema nusunusu. Kwa hivyo sheria imeamua kupoteza ushahidi kidogo ili watu wapate kusema ukweli mwingi kwa washauri wao.

Kampuni haina kinywa

Kwa mtu wa kawaida jambo hili halina utata. Ukimwambia wakili wako siri yako, siri ni yako. Kampuni je?

Kisheria, kampuni ni mtu. Usicheke! Huko Uingereza kulikuwa na fundi viatu aitwaye Aron Salomon, ambaye aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ilipoanguka na madeni yake, ikadaiwa kwamba Salomon mwenyewe ndiye anayepaswa kuyalipa. Mahakama ya juu kabisa ya Waingereza ikakataa, ikasema Salomon ni mtu mmoja na kampuni yake ni mtu mwingine. Kesi hiyo, ambayo wanasheria huitaja kwa mwaka wa 1897, ndiyo msingi wa sheria ya kampuni hata katika nchi yetu.

Basi kampuni yaweza kumiliki shamba, kushtaki na kushtakiwa. Lakini haina kinywa wala masikio. Ikitaka kusema na wakili wake, sharti iazime kinywa cha mkurugenzi, cha karani au cha dereva. Na hapo ndipo penye fumbo: katika vinywa hivyo vyote, ni kipi kinachohesabiwa kuwa kinywa cha mteja?

Kisa cha kampuni ya Upjohn

Swali hilo lilijibiwa Marekani katika kesi ambayo wanasheria wa nchi nyingi wanaijua. Upjohn ilikuwa kampuni ya kutengeneza dawa, na makao yake yalikuwa katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Mnamo Januari 1976, wakaguzi wa hesabu waligundua kwamba tawi lake moja la ng'ambo lilikuwa limewalipa maafisa wa serikali ya huko ili lipate biashara. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani, lilitoa kitu kidogo.

Wakili mkuu wa kampuni hiyo, Gerard Thomas, alianza kuchunguza. Hojaji zilitumwa kwa mameneja wote wa nchi za nje zikiwaomba waeleze malipo yote ya aina hiyo, na zikawasihi watunze siri. Baadaye mawakili wakawahoji wafanyakazi. Jumla ya waliohojiwa ilifika 86, na 7 kati yao walikuwa wamekwisha kuacha kazi. Mnamo Machi 1976 kampuni yenyewe ikapeleka taarifa kwa tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa, na nakala ikapelekwa kwa idara ya kodi.

Idara ya kodi haikutosheka. Mwezi wa Novemba mwaka huo ikatoa samansi: tuleteeni hojaji zilizojibiwa na maandishi ya mahojiano. Kampuni ikagoma, ikisema hayo ni mawasiliano ya mteja na wakili wake.

Mahakama ya rufani iliitazama kampuni kama mwili wenye kichwa. Ilisema mteja ni wale wakubwa wachache wanaoamua mambo, na kwamba maneno ya wafanyakazi wa chini hayalindwi. Lakini tarehe 13 Januari 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani ikautupa uamuzi huo, na majaji wote 9 wakaafikiana juu ya matokeo. Jaji William Rehnquist, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba mara nyingi ni wafanyakazi wa kati na wa chini wanaoweza kuiingiza kampuni taabani, na hao hao ndio wanaojua mambo ambayo wakili anayahitaji. Wakili atamshaurije mwenye ghala ikiwa hawezi kusema kwa siri na anayehesabu magunia?

Kwa hivyo kinywa cha karani kinaweza kuwa kinywa cha kampuni. Mama yangu, bila kujua, alikuwa ameazimwa kinywa chake.

Mambo mawili yanayosahaulika

Mosi, kinachofichwa ni mazungumzo na wakili, yaliyotendeka hayafichwi. Mahakama ililisema hili waziwazi katika kesi hiyo ya Upjohn. Afisa wa kodi anaweza kumwuliza meneja, "Je, ulimlipa afisa fulani?" Meneja hawezi kukataa kujibu kwa sababu tu alikwisha kumweleza wakili jambo hilo. Asichoweza kuulizwa ni, "Ulimwambia wakili nini?" Kampuni ilikuwa imeipa idara ya kodi orodha ya waliohojiwa, nayo ilikuwa imekwisha kusema na watu kama 25 kati yao.

Hapa ndipo mama alipopotea njia. Alidhani kwamba kwa kuwa alimweleza wakili habari za msimamizi, habari zenyewe zimefungwa kufuli. La hasha! Aliyoyaona kwa macho yake ghalani yalibaki kuwa yake. Angeweza kuyaandika katika jibu lake bila kutaja hata neno moja la mazungumzo yake na wakili. Alinyamaza pale alipokuwa na haki ya kusema.

Pili, mwenye usiri ni kampuni, na kampuni ikitaka inaweza kuufungua. Tena hata wakubwa wa kampuni hawaumiliki. Mwaka wa 1985, katika kesi iitwayo Weintraub, Mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilisema kwamba uongozi wa kampuni ukibadilika, mamlaka juu ya usiri huenda pamoja na uongozi mpya. Mkurugenzi aliyeondoka hawezi kurudi na kusema, "Hayo niliyomwambia wakili yafunikeni." Ikiwa mkurugenzi hana, karani atautoa wapi?

Kwa sababu hiyo mawakili wa Marekani walizoea kutoa onyo kabla ya mahojiano, na onyo hilo likaitwa kwa jina la Upjohn. Wakili humwambia mfanyakazi: mimi ni wakili wa kampuni, si wakili wako, mazungumzo haya yana usiri, lakini usiri ni wa kampuni peke yake, kampuni ikipenda itayatoa kwa wengine, hata kwa serikali, bila kukuomba ruhusa. Maneno hayo hayazidi dakika moja. Wakili aliyemhoji mama alitaja siri na sheria, lakini hakutaja mwenye siri. Hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomla mama.

Nchi haziko sawa

Usidhani, msomaji mpenzi, kwamba dunia nzima inafuata Marekani. Uingereza, baada ya benki ya BCCI kufungwa mwaka wa 1991, palitokea kesi juu ya Benki Kuu ya nchi hiyo, kesi ambayo mawakili huiita Three Rivers. Benki Kuu ilikuwa imeteua maafisa watatu wa kushughulika na mawakili katika uchunguzi wa mambo hayo. Mwaka wa 2003 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba mteja ni kile kikundi kidogo tu, na kwamba maelezo ya wafanyakazi wengine hayahesabiwi kuwa maneno ya mteja kwa wakili.

Umoja wa Ulaya nao una lake. Mwaka wa 2003 wachunguzi wa ushindani wa kibiashara waliingia katika afisi za kampuni ya Akcros, iliyokuwa chini ya Akzo Nobel, wakachukua nakala za barua pepe mbili kati ya meneja na wakili aliyeajiriwa na Akzo kwa mshahara. Tarehe 14 Septemba 2010 mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba, katika uchunguzi wa namna hiyo, wakili wa kuajiriwa hana uhuru wa kutosha mbele ya mwajiri wake, kwa hivyo barua zake hazilindwi. Wakili wa nje, anayejitegemea, analindwa.

Je, si maficho ya wezi?

Nilipoyaeleza haya katika kikao cha chama chetu, mwenzangu mmoja aliruka juu: "Basi kampuni ikiiba, inamwambia wakili, mambo yanazikwa!" Ni swali zuri, na sheria imelifikiria. Kifungu kile kile cha 134 kinasema kwamba mawasiliano yaliyofanywa ili kutimiza kusudi lisilo halali hayalindwi. Ukienda kwa wakili kumwuliza namna ya kujitetea kwa kosa lililopita, unalindwa. Ukienda ili akusaidie kutenda kosa, huna ulinzi. Vivyo hivyo, wakili akiona baada ya kuanza kazi hiyo jambo linaloonyesha kwamba uhalifu au ulaghai umetendeka tangu alipoanza, kifungu hakilifichi.

Aidha, karatasi haigeuki siri kwa kumpa wakili ailalie. Risiti ya magunia ni risiti ya magunia, iwe katika ghala au katika mkoba wa wakili.

Mimi nakiri kwamba mwanzoni niliuchukia usiri huu kwa sababu ya yaliyompata mama. Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba bila usiri huo kampuni nyingi hazingethubutu hata kuuliza ndani ya nyumba yao nani anapokea hongo. Zingeogopa kuandika majibu. Kosa halikuwa katika usiri. Kosa lilikuwa kumwacha mtu mnyonge aamini kwamba mwavuli wa mwingine unamfunika yeye.

Ufanye nini yakikufika?

Kwanza, wakili akikuita kazini, muulize kwa heshima: "Mheshimiwa, wewe ni wakili wa nani? Siri hii ni ya nani?" Hakuna sheria inayokataza swali hilo.

Pili, sema kweli. Sikushauri udanganye, maana njia ya mwongo ni fupi. Lakini ukiona jambo lenyewe linaweza kukugharimu kazi yako, tafuta ushauri wako mwenyewe, hata kama ni kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Tatu, yale unayoyajua kwa macho na masikio yako, yaweke moyoni na kwenye daftari. Ukipewa barua ya kujieleza, yaeleze yote.

Nne, jua haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake wakati wa maelezo hayo. Mama aliitwa peke yake, akaingia peke yake, akatoka peke yake.

Mjomba na chama cha wafanyakazi waliliandikia jambo hilo barua, na mwishowe mama akalipwa malipo ya notisi na likizo zake. Kazini hakurudi. Siku hizi anauza maharagwe sokoni, na kila gorogoro hulipima mbele ya mteja, wasielewane vibaya. Nilimwuliza juzi kama angejua haya mapema angemnyamazia wakili yule. Alifikiri kidogo, mkono ukiwa ndani ya gunia.

"Ningesema yale yale, mwanangu," akanijibu. "Ila barua ilipokuja, nisingejibu kwa mistari miwili."

Wino wa kalamu yangu unaniishia, na mhariri amenionya nisizidi ukurasa niliopewa. Mungu akitujalia, tukutane katika toleo lijalo.